Mtu Asiyejua Kwamba Anachekesha: Mhadhara Kuhusu Arthur Lowe

Tuna neno moja, mchekeshaji, na tunawaita kwalo watu wawili ambao kazi zao hazifanani. Wa kwanza anasimama mbele yetu akijua kwamba tumekuja kucheka. Anatutazama, anapima kicheko chetu, anakingoja kitulie, kisha anaendelea. Yeye na sisi tuko upande mmoja. Wa pili ni mwigizaji ambaye mhusika wake hajui kama kuna mtu anayecheka. Ana shughuli zake, ana cheo chake, ana wasiwasi wake, na lau angegundua kwamba ukumbi mzima unamcheka angeumia sana. Jioni hii nitamzungumzia huyu wa pili. Nimemchukua Mwingereza Arthur Lowe, aliyezaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 1982, kwa sababu simjui mwingine ambaye maisha yake ya kazi yanalionyesha jambo hili waziwazi kama yeye. Hoja yangu ni kwamba kazi ya Lowe haikuwa kuwachekesha watu. Kazi yake ilikuwa kulinda heshima ya mhusika wake, kwa bidii na bila kuchoka, na kicheko kilikuja pale dunia ilipokataa kumpa mhusika huyo heshima aliyoidai. Kama hoja hii inasimama, basi ile desturi ya kumweka mwigizaji wa vichekesho ngazi moja chini ya mwigizaji wa mambo ya huzuni haina msingi, kwa kuwa wote wawili wanafinyanga udongo uleule, mtu na hadhi yake.

Lowe alizaliwa Hayfield, kijiji cha jimbo la Derbyshire, akakulia Manchester, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Hakusomea uigizaji popote. Vita vya Pili vya Dunia vilimpeleka Mashariki ya Kati akiwa askari, na huko ndiko alikoanza kuigiza, katika maonyesho ya kuwaburudisha askari wenzake. Desemba 1945, akiwa na miaka 30, alipanda jukwaa la Hulme Hippodrome, Manchester, kama mwigizaji wa kulipwa. Kampuni za maonyesho za mikoani siku zile zilikuwa na utaratibu ambao hata kuuwaza tu unachosha: mchezo mpya kila wiki. Asubuhi mnafanya mazoezi ya mchezo wa wiki ijayo, jioni mnaonyesha wa wiki hii, usiku mnakariri. Wiki hii wewe ni mchungaji, wiki ijayo karani, ile nyingine polisi au baba wa bibi harusi. Kijana mwenye sura ya kupendeza angeweza kuitegemea sura yake wiki hadi wiki. Mtu mfupi, mnene kidogo, ambaye nywele zinamwishia mapema, hana mtaji huo. Alichoweza kujipatia ni akiba ya watu: jinsi meneja wa duka anavyoshika kalamu mbele ya mteja mkorofi, jinsi mtu aliyezoea kudharauliwa anavyokohoa kidogo kabla ya kusema, jinsi karani aliyepandishwa cheo anavyotembea siku ya kwanza. Akiba hiyo aliiweka kwa miaka mingi kabla ya nchi nzima kulijua jina lake. Aliigiza London katika michezo ya nyimbo kama Call Me Madam, Pal Joey na The Pajama Game. Na mwishoni mwa Kind Hearts and Coronets, filamu ya mwaka 1949 inayopendwa hadi leo, anaonekana kwa muda mfupi kama mwandishi wa gazeti, kisha anapotea.

Televisheni ilimfikisha majumbani. Kuanzia Desemba 1960 aliigiza katika Coronation Street kama Leonard Swindley, meneja wa duka la nguo na mhubiri wa kanisa dogo la mtaani, mtu anayesema kila sentensi kana kwamba inaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Hapo tayari tunamwona mtu ambaye Lowe angemchonga kwa maisha yake yote: ana cheo kidogo, na anakivaa kama joho la hakimu. Swindley alipaswa kumwoa Emily Nugent, mwanamke mpole aliyefanya naye kazi dukani, na siku yenyewe ya harusi Emily akamwambia kwamba hawezi. Igizo jepesi lingemfanya bwana harusi kikaragosi. Lowe alimbakisha mtu mzima aliyeaibishwa mbele za watu, anayejitahidi kutoka pale akiwa amenyooka. Wakati huohuo mkurugenzi wa filamu Lindsay Anderson alimchukua kwa ajili ya This Sporting Life ya mwaka 1963, filamu ngumu, isiyo na mzaha hata chembe, kuhusu mchezaji wa raga wa kaskazini mwa Uingereza. Anderson alikuwa mkali kwa waigizaji na hakuwa na haja ya kuchukua mtu wa televisheni ili avute watazamaji. Aliona kitu, na aliendelea kumwita kwa miaka mingi iliyofuata.

Sasa tuje kwenye kazi iliyomweka Lowe ndani ya kumbukumbu za Waingereza. Tarehe 31 Julai 1968 BBC ilirusha sehemu ya kwanza ya Dad's Army, iliyoandikwa na Jimmy Perry na David Croft. Iliendelea hadi Novemba 1977, sehemu 80 kwa jumla. Inahusu Home Guard, mgambo wa kujitolea walioitwa na waziri Anthony Eden kwa tangazo la redio mwezi Mei 1940, ilipohofiwa kwamba Ujerumani ingevuka bahari: wazee, vijana wadogo, na wale ambao jeshi la kawaida halikuwachukua. (Msikilizaji kutoka Kenya atalisikia jina hilo kwa maana nyingine, chungu, ya miaka ya 1950, hapa tuko mahali pengine na vita vingine.) Perry mwenyewe alikuwa ndani ya Home Guard akiwa kijana. Katika mji wa kubuni wa Walmington-on-Sea, meneja wa benki anajitangaza kamanda wa kikosi. Jina lake linaandikwa Mainwaring na kutamkwa Manaringi. Karani wake mkuu, Wilson, anakuwa sajini wake. Na hapa ndipo waandishi walipopata dhahabu: Mainwaring, aliyepanda kwa jasho kutoka familia ya kawaida na shule ya kawaida, ni kapteni, Wilson, mrefu, mtanashati, aliyesomeshwa katika shule za watu wakubwa, ni mtu wa chini yake. Kwenye nchi ambayo tabaka husikika mtu anapofungua tu kinywa, kila amri ya kapteni huyu inapita kwenye masikio ya mtu anayejua kwamba anayemwamuru hakuzaliwa kuamuru. Wilson, aliyeigizwa na John Le Mesurier, huuliza kwa upole kama kweli hilo ni jambo la busara. Upole huo unamchoma Mainwaring kuliko tusi.

Tutazame dakika moja kwa karibu. Katika sehemu iliyorushwa Oktoba 1973, kikosi kinalinda mabaharia wa nyambizi ya Kijerumani waliotekwa. Nahodha wao, aliyeigizwa na Philip Madoc kwa ubaridi wa kweli, ana orodha. Kila anayemtusi Hitler anaandikwa jina, ili aadhibiwe Ujerumani ikishinda. Kijana Pike, mdogo kuliko wote kikosini, anaimba wimbo wa kumkejeli Hitler. Nahodha anamgeukia na kumtaka jina. Mainwaring, kwa sauti ya mlinzi wa raia wake, anamkataza kijana asilitaje, na katika amri hiyohiyo analitaja yeye. Waingereza wamepiga kura mara nyingi kuuita huu mmoja wa mizaha mikubwa ya televisheni yao. Lakini ukiuandika kwenye karatasi ni mzaha mdogo. Mtoto wa shule angeweza kuutunga. Ukubwa wake uko kwenye namna Lowe anavyoutamka. Hakuna kituo kabla ya jina, hakuna jicho la pembeni kwa kamera. Amri inatoka haraka, nzima, yenye hasira ya haki, kwa sababu mhusika anafanya jambo jema na la ujasiri: anasimama kati ya adui na mtoto. Lowe angeweka hata nusu sekunde ya kutuonyesha kwamba anajua kinachokuja, tungecheka kidogo na kusahau. Alimwachia Mainwaring nia njema yake yote, na ndiyo maana aibu yake ni kubwa kiasi kile.

Ninajua pingamizi la kwanza, na ni la zamani: kwamba Lowe hakuwa anaigiza, alikuwa anajiigiza. Waliofanya kazi naye walimweleza kuwa mtu rasmi, mwepesi wa kuudhika, anayejali hadhi yake; waandishi walikiri kwamba waliona tabia zake na kuzitia kwenye maandishi. Ushahidi unaotajwa zaidi unahusu sehemu hiyohiyo ya nyambizi. Maandishi ya awali yalitaka Wajerumani watie bomu la mkono ndani ya suruali ya Mainwaring. Lowe alikataa katakata, na bomu likahamishiwa suruali ya Koplo Jones, muuza nyama mzee aliyeigizwa na Clive Dunn. Wengi huisimulia habari hii kama kisa cha mtu mwenye majivuno. Mimi naiona kama hukumu ya msanii anayeijua kazi yake. Jones ni mtu wa kuruka, kupiga kelele na kuchanganyikiwa. Bomu linamfaa, na Dunn alilitumia vizuri ajabu. Mainwaring akishatiwa kitu ndani ya suruali, amekwisha. Wiki inayofuata akisimama mbele ya kikosi na kutoa amri, nusu ya uzito wa amri ile haupo, na pasipo uzito hakuna anguko, na pasipo anguko hakuna kicheko. Nikubali jambo moja dhidi ya mtu wangu: alikuwa mvivu wa kukariri. Croft alilalamikia jambo hilo, na hata alimtumia nakala ya ziada ya maandishi ili aiweke chini ya mto wake wa kulalia, huenda maneno yangemwingia usingizini. Kwa mtu aliyetoka kwenye shule ya mchezo mmoja kila wiki, hilo ni kosa, nami sitaligeuza kuwa sifa.

Jibu zito zaidi kwa pingamizi hilo lilirushwa Desemba 26, 1975. Katika sehemu hiyo ya Krismasi tunakutana na Barry, ndugu wa kapteni, mlevi anayezunguka akiuza vitu vya mzaha, ambaye familia imemficha kama deni. Barry ameigizwa na Lowe huyohuyo. Mwili ni uleule, lakini mabega yameachiwa, kinywa kimelegea, na macho yanacheka kwanza kabla ya maneno. Barry ni mchekeshaji kwa ile maana yangu ya kwanza: anajua kwamba anachekesha, anawatazama watu, anataka wawe upande wake. Ndugu hao wanagombania saa ya mfukoni ya baba yao. Ukiwatazama hao wawili, unaona bila kuambiwa kwamba ugumu wa Mainwaring, ule mgongo ulionyooka na midomo iliyobanwa, ni ukuta uliojengwa na mtu anayejua hasa angekuwa nani lau angeubomoa. Mwigizaji anayejiigiza hana njia ya kukuonyesha hayo. Inabidi asimame nje ya watu wote wawili na awajue wote wawili.

Kuna sehemu nyingine, ya Novemba 1970, ambayo kwangu ndiyo kilele, na nitakaa hapo kidogo. Mkewe Mainwaring, Elizabeth, haonekani kamwe katika igizo zima; tunasikia habari zake kwa simu tu, na mara moja tunauona uzito wake ukilibonyeza godoro la kitanda cha juu, kapteni akiwa amelala chini yake. Ndoa isiyo na mapenzi, iliyogeuzwa mzaha kwa miaka tisa. Kisha anakuja Bi Gray, aliyeigizwa na Carmen Silvera, mwanamke anayemsikiliza anapozungumza. Wanakunywa kahawa pamoja. Mji mdogo unaanza kunong'ona. Bi Gray anaamua kuondoka kwa treni, na Mainwaring anamfuata stesheni kumsihi abaki.  Lowe habadilishi chochote. Sauti ni ya Mainwaring yuleyule, mikono inatafuta la kufanya, kofia iko mahali pake. Anasihi kama meneja wa benki anavyoweza kusihi, kwa sentensi zilizokamilika. Treni inaondoka na yeye anabaki pale. Watazamaji studioni walikuwa wanacheka dakika mbili kabla. Hakuna aliyewaandaa kwa hili, na hakukuwa na haja, kwa sababu heshima waliyokuwa wakiicheka ndiyo hiyohiyo inayoumia sasa. Hapo ndipo nasema ngazi zile mbili, ya kicheko na ya huzuni, ni sakafu moja.

Wapo watakaosema kwamba ninampa mwigizaji sifa za waandishi. Ni kweli kwamba bila Perry na Croft hakuna Mainwaring, na bila upole wa Le Mesurier amri zake zingegonga hewa tupu. Lakini mwaka huohuo wa 1968, kabla sifa za Dad's Army hazijasambaa, Lowe alikuwa kwenye If.... ya Lindsay Anderson, filamu iliyopata tuzo kuu Cannes mwaka 1969, akiigiza Kemp, mwalimu wa bweni ambaye amewaachia viranja mamlaka yake yote na kujifanya haoni wanavyoyatumia. Kemp na Mainwaring wamekatwa kwenye kitambaa kimoja, wote wana cheo kilichowazidi kimo. Tofauti ni kwamba Kemp ameshasalimu amri. Mainwaring hasalimu. Methali yetu inasema debe tupu haliachi kuvuma, na wengi humwona kapteni kuwa debe la aina hiyo. Lakini maandishi na uigizaji havikubali. Kila hatari ya kweli inapofika, yeye ndiye wa kwanza kusimama mbele, na kikosi kinamfuata. Hilo linajibu pia wale wanaosema kwamba igizo lile ni tambo za taifa linaloota enzi zake. Hofu ya mwanzo ndani ya BBC ilikuwa kinyume chake, kwamba lingewadhihaki wazee waliojitolea. Halikufanya hilo wala lile, na kwa sehemu kubwa ni kwa sababu kiongozi wa kikosi alikuwa mjinga wa mambo mengi na jasiri kwa wakati mmoja.

Pingamizi zito kuliko yote nimeliacha makusudi hadi hapa, na linatuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1973 Anderson alitoa O Lucky Man!, filamu ya saa tatu hivi inayoukashifu ubepari wa Uingereza. Ndani yake Lowe ana nafasi tatu, na mojawapo ni Dk. Munda, mtawala wa nchi ya Kiafrika ya kubuni iitwayo Zingara, anayenunua kutoka kwa tajiri wa London kemikali ya kuwachoma waasi wake. Lowe alipakwa rangi ili awe Mwafrika. Kwa kazi yake katika filamu hiyo alipewa tuzo ya BAFTA ya mwigizaji msaidizi bora. Itasemwa kwamba kombora la filamu lilielekezwa kwa wafanyabiashara wa Uingereza, na ni kweli. Itasemwa kwamba waigizaji wengi wa filamu ile walipewa nafasi zaidi ya moja, na hilo pia ni kweli. Hayatoshi. London ya mwaka 1973 ilikuwa na waigizaji kama Earl Cameron wa Bermuda na Johnny Sekka, mzaliwa wa Dakar, watu waliokwisha kuthibitisha uwezo wao na ambao nafasi zao hazikuwa nyingi. Kumpaka rangi Mwingereza wa Manchester ni kumnyang'anya mtu riziki na kuligeuza bara zima kuwa vazi la kubadili. Ninalisema hili kuhusu mtu ninayemuenzi, na silipunguzi. Ila tazameni pia nini kinatokea kwenye skrini. Zile nafasi nyingine mbili zina watu ndani yake. Munda hana mtu ndani. Ana mapambo ya nje, sauti ya kuazima na tabasamu. Lowe hakuwa na akiba ya mtu huyo, kwa hiyo hakuwa na heshima ya kumlindia. Mahali pekee ambapo alivaa kinyago badala ya kumjenga mtu, sanaa yake ilimtoka. Kosa lake lenyewe linashuhudia sanaa yake ilikuwa imejengwa juu ya nini.

Miaka ya mwisho nitaipitia upesi. Mwaka 1974 aliigiza Stephano, mnyweshaji mlevi, katika The Tempest ya National Theatre, John Gielgud akiwa Prospero. Watoto walimsikia akisimulia katuni za Mr. Men, akawa padri wa Kiayalandi katika Bless Me, Father. Hakuna kati ya hizo iliyofikia Walmington-on-Sea. Lakini kila wakati alirudi mikoani, kwenye majumba ya maonyesho ya miji ya kawaida, pamoja na mkewe Joan Cooper, mwigizaji aliyemwoa mwaka 1948, na alishikilia kwamba Joan apewe nafasi katika michezo yake. Wakuu wa majumba wengine hawakulipenda sharti hilo. Yeye alikuwa tayari kuikosa kazi.

Aprili 1982 walikuwa Alexandra Theatre, Birmingham, na mchezo wa Home at Seven. Jioni ya tarehe 14, kabla ya pazia kufunguliwa, Lowe alianguka kwenye chumba chake cha kujiandalia kwa maradhi ya kiharusi, na alfajiri ya tarehe 15 akafariki hospitalini, akiwa na miaka 66. Ziara haikusitishwa. Waliohudhuria mazishi walikuwa wachache, na Joan Cooper hakuwemo. Alikuwa Belfast, jukwaani, katika mchezo uleule.